Kelele Ndani ya Gari: Tafuta Mzizi Kabla ya Kununua Redio Mpya

Ninaandika kutoka Mabanga. Kwa Lingala neno mabanga ni mawe, na kweli hapa kwetu Goma mawe hayakosi: mawe meusi ya Nyiragongo barabarani, mawe kwenye kuta za lupango, mawe chini ya magurudumu. Gari likitembea hapa miaka miwili tu, kila bulo yake inaanza kulegea. Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo linaonekana dogo, lakini limemaliza franga za watu wengi na limeharibu urafiki: kelele inayoingia ndani ya redio ya gari.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Parokia yetu ilikuwa na minibisi kuukuu ya esansi. Ilibeba wagonjwa usiku, ilibeba wanakwaya siku ya Jumapili. Vijana walichanga dolari moja moja kwa miezi saba, wakanunua ampli na bafle mbili. Kijana mmoja wa kwaya, ambaye alikuwa anajifunza kazi ya umeme, ndiye aliyefunga vyombo hivyo. Mimi nilikuwa ninamsukuma: "Maliza upesi, Jumapili iko karibu!" Akamaliza.

Majuma mawili ya kwanza kila kitu kilisikika vizuri. Halafu asubuhi moja, tukiwa tayari kwenda Sake, dereva akawasha moteri, na mara bafle zikaanza kulia: wiiii! Alipokanyaga esansi, mlio ukapanda juu kama mbu mkubwa. Alipoachilia, ukashuka.

Maneno yakaanza. Wengine wakasema kijana ameuza ampli ya kweli na kuweka ya uongo. Na mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa kutuliza watu, nikamwita mbele ya wazee nikamwuliza: "Ampli yetu iko wapi?" Machozi yakamtoka. Akajibu:

"Papa Pasta, ampli ni ile ile. Kelele inapanda na moteri. Ampli haina akili ya kujua kama moteri inaenda mbio. Munipe siku moja tu nitafute."

Hatukumpa siku ile. Tulikwenda dukani, muuzaji akatuambia redio ndiyo imekufa. Tukanunua redio nyingine, dolari 60. Tukaifunga, tukawasha moteri: wiiii! Mlio ule ule. Hapo tu ndipo tulipomwita fundi mmoja mzee, na yeye, kabla ya kufungua chombo chochote, alikaa kwenye kiti cha dereva akasikiliza. Haya ninayowaandikia, mengi nilijifunza siku ile nikimshikia taa.

UMEME WA GARI UNATOKA WAPI?

Batri ya gari dogo ni ya volti 12. Ikiwa imejaa na moteri imezimwa, kipimo kinaonyesha karibu 12,6. Ukiwasha moteri, mkanda unazungusha alternateri, na kwa gari nyingi kipimo kinapanda kati ya 13,8 na 14,4.

Sasa, alternateri haizai umeme ulionyooka. Inazaa umeme wa kwenda na kurudi. Ndani yake mna vipande vidogo vinavyoitwa diode. Vinaruhusu umeme kupita upande mmoja tu, sawa vile mdomo wa tairi unavyoruhusu pumzi kuingia bila kutoka. Diode zinaunyoosha umeme, lakini unabaki na mawimbi madogo madogo. Batri yenye afya inameza mengi ya mawimbi hayo. Yale yanayobaki, yakipata njia ya kuingia kwenye waya za sauti, ndiyo ule mlio tunaousikia.

Moteri ikienda mbio, mawimbi yanakuwa mengi zaidi kwa kila sekunde, na mlio unakuwa mwembamba zaidi. Kwa hiyo kijana wetu alisema kweli. Chombo cha sauti hakiwezi kujua mwendo wa moteri, isipokuwa umeme wa moteri umeingia mahali usipotakiwa.

KILA KELELE INA LUGHA YAKE

Kabla ya kushika turnevisi, sikiliza. Mganga mzuri anamwuliza mgonjwa anaumwa wapi kabla ya kuandika dawa. Kelele za gari ni za aina nyingi, lakini hizi tano ndizo tunazokutana nazo kila siku.

1. Mlio mrefu unaopanda na kushuka pamoja na moteri. Huu ni mlio wa alternateri. Mara nyingi alternateri yenyewe ni nzima; shida iko kwenye masi, yaani waya inayorudisha umeme kwenye chuma cha gari. Tutaizungumzia hapa chini.

2. Tatatata inayofuata mwendo wa moteri. Hizi ni cheche za buji. Kila cheche ni ya volti maelfu, na inarusha mawimbi hewani kama kituo kidogo cha redio. Shida hii ni ya zamani sana. Mwaka 1930, huko Chicago, Marekani, ndugu wawili, Paul na Joseph Galvin, walitengeneza redio ya gari wakaiita Motorola. Kazi moja ngumu kwa mafundi wa wakati ule ilikuwa kunyamazisha buji ili msafiri asikie redio. Dawa yake mpaka leo ni buji zenye kizuizi ndani yake (aina nyingi zina herufi R katika namba yake) na waya nzuri za buji zisizopasuka. Lakini kumbuka: gari la mazutu halina buji za cheche. Lina buji za kupasha moto tu, na hizo hazirushi cheche. Mtu akikuambia ubadilishe buji za gari la mazutu ili redio inyamaze, ficha mfuko wako.

3. "Tak!" moja ukikanyaga breki, ukiwasha taa ya kugeuka au ukipiga honi. Swichi inapofunga na kufungua umeme, inatoa mshituko mdogo. Ukiusikia kwa nguvu, angalia masi ya redio na masi ya taa ile.

4. Shshsh ya daima, hata moteri ikizimwa. Ikiwa unaisikia kwa FM peke yake, kituo kiko mbali au antene ina shida. Ukiisikia pia kwa flashi, basi mtu amefungulia ampli mpaka mwisho. Kile kifundo kidogo cha ampli chenye maandishi GAIN au LEVEL siyo cha kuongeza sauti. Kazi yake ni kulinganisha ampli na redio. Kirudishe chini, pandisha sauti ya redio mpaka karibu robo tatu, halafu pandisha kifundo kile polepole mpaka muziki utoshe, na uache kabla sauti haijaanza kukwaruza.

5. Grrr inayosikika kwa sauti nzito tu. Hii siyo ya umeme. Ni kitu kinatikisika: bulo ya bafle imelegea, karatasi yake imepasuka, au plastiki ya mlango inagongana na chuma. Bonyeza mlango kwa mkono wakati muziki unapiga. Kelele ikikoma, umeshika mwizi. Kwa barabara zetu za mawe, wengi wanalaumu ampli bure, kumbe ni vijiti vya plastiki vya mlango vilivyovunjika.

UCHUNGUZI WA HATUA SABA

Vijana, hapa muchukue kalamu. Hakuna haja ya vyombo vingi: turnevisi, ufunguo wa bulo, kipande cha msasa, na kipimo cha umeme, kile cha bei ndogo. Weka gari mahali pa wazi, funga breki ya mkono, toa vitesi. Usiwashe moteri ndani ya garaji iliyofungwa, sababu ndani ya moshi wake mna gesi inayoua bila harufu ya kukuonya. Na mashati yenye mikono mirefu yakae mbali na mkanda.

Sheria ni moja tu: badilisha kitu kimoja, sikiliza, andika. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mara moja na kelele ikatoka, hutajua ni kipi kilichoiponya. Na ikirudi kesho, utaanza upya.

Hatua ya kwanza. Moteri imezimwa, zungusha kontakti mpaka redio iwake. Sikiliza. Kama kelele ipo tayari, usishitaki alternateri, kwa maana haijazunguka bado.

Hatua ya pili. Washa moteri. Kanyaga polepole, achilia. Kelele inafuata moteri au inabaki ile ile?

Hatua ya tatu. Badilisha chanzo cha muziki: FM, halafu flashi, halafu simu kwa Bluetooth. Kelele ikiwa kwa FM tu, inaingia kwa antene. Chomoa waya ya antene nyuma ya redio: tatatata au mlio ule ukitoweka, angalia shina la antene, mahali inapogusana na chuma cha gari, kutu pale ni shida ya kawaida.

Hatua ya nne. Shusha sauti ya redio mpaka sifuri. Hii ndiyo hatua inayofundisha kuliko zote. Kelele ikipungua pamoja na sauti, inaingia kabla ya kifundo cha sauti, yaani kwa antene, kwa simu au ndani ya redio yenyewe. Ikibaki vile vile hata sauti ikiwa sifuri, inaingia baada ya redio, kwenye kable zinazokwenda kwa ampli au kwenye ampli yenyewe.

Hatua ya tano. Zima kila kitu. Chomoa kable za RCA kwa upande wa ampli. (Usizichomoe wakati redio inawaka, unaweza kuharibu kitu ndani ya redio na kujiongezea kelele.) Sasa washa tena. Kama kuna kimya, ampli haina kosa. Kelele inakuja kwa kable au kwa redio, au masi mbaya inaipitisha kwenye kable. Kama bado inalia, tafuta kwenye waya za ampli, hasa masi yake.

Hatua ya sita. Leta simu isiyochajiwa, uiunganishe moja kwa moja na ampli kwa kable fupi. Ukisikia muziki safi, ampli na bafle ni nzima. Sasa unajua shida ni kati ya redio na ampli.

Hatua ya saba. Inua kable za RCA kwa mkono, uzipitishe juu ya viti. Kelele ikibadilika, kable ilikuwa imelala pamoja na waya nene ya umeme. Ipitishe ubavu mmoja wa gari, na waya ya umeme ubavu mwingine. Zikilazimika kukutana, zikatane kama msalaba, zisilale sambamba.

Fundi mzee alifanya hatua hizi kwa muda usiofika nusu saa. Sauti sifuri: mlio haukushuka. Chomoa RCA: mlio haukukoma. Akatutazama akasema kwa upole: "Dolari 60 mulitupa ziwani. Redio haikuwa na neno."

MASI: MZIZI WA SHIDA NYINGI

Nyumbani umeme unakwenda kwa waya moja na kurudi kwa waya nyingine. Ndani ya gari, umeme unatoka kwenye batri kwa waya nyekundu, na unarudi kwa chuma chote cha gari. Chuma hicho ndicho njia ya kurudi. Mahali chombo kinapofungwa kwenye chuma ndipo tunapoita masi.

Sasa fikiri barabara kubwa ya mtaa. Ikijaa mawe, motari hawakai nyumbani. Wanapita katikati ya lupango za watu, na kelele zao zinaingia mpaka chumba cha kulala. Umeme unafanya vile vile. Masi ya ampli ikiwa mbaya, kwa sababu ya rangi, kutu au bulo iliyolegea, umeme unaokataliwa njia yake unatafuta njia nyingine. Njia iliyo karibu ni ule uzi wa nje wa kable ya RCA, ambao unarudi mpaka masi ya redio. Hapo mawimbi ya alternateri yanapita ndani ya lupango ya sauti, na bafle zinalia.

Masi nzuri inafungwa hivi:

Chagua chuma cha bodi yenyewe, kilicho karibu na ampli. Usitumie bulo ya mkanda wa usalama, kwa maana bulo ile inalinda maisha ya watu. Kwangua rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae. Bana mwisho wa waya kwenye pete ya shaba, tia wosha yenye meno, kaza bulo kwa nguvu. Kisha paka mafuta mazito au rangi juu yake ili maji yasilete kutu. Waya ya masi iwe nene sawa na ile nyekundu, na iwe fupi, isipite nusu meta.

Usisahau masi za gari lenyewe: waya ile nyeusi inayotoka kwenye batri kwenda kwa bodi, na mkanda wa shaba unaounganisha moteri na bodi. Magari yetu ya zamani, mikanda hiyo imeoza mara nyingi. Isafishe au ibadilishe.

Ukitaka kuhakikisha, weka kipimo kwenye volti za batri, waya moja kwa masi ya ampli, nyingine kwa kichwa cha batri chenye alama ya kutoa. Piga muziki kwa nguvu. Kipimo kiwe karibu na sifuri. Kikionyesha sehemu kadhaa za kumi za volti, barabara ina mawe.

NA KAMA MASI NI NZURI?

Basi uliza alternateri na batri. Weka kipimo kwenye volti za kwenda na kurudi, gusa vichwa viwili vya batri moteri ikiwaka na taa zikiwaka. Ukiona kitu kidogo sana, sawa. Ikipita nusu volti, shuku diode moja imekufa. Dalili nyingine: taa ya batri inawaka kwa ufifi kwenye dashibodi, au batri inakufa kila asubuhi. Diode iliyokufa haitibiwi kwa kununua redio. Na batri iliyochoka haiwezi kumeza mawimbi.

Madukani utaona pia vichujio, vile visanduku vidogo vya kuweka kwenye kable ya RCA au kwenye waya ya umeme. Vinaweza kusaidia, lakini viwe vya mwisho. Kuweka kichujio juu ya masi iliyooza ni kama kumpa mgonjwa wa malaria kidonge cha kichwa peke yake. Atanyamaza kidogo, lakini ugonjwa unaendelea.

SHIDA ZETU ZA KWETU

Redio ya Japani. Gari nyingi za Goma zina usukani upande wa kuume kwa sababu zilitengenezwa kwa watu wa Japani. Redio zake za kiwandani zinasikia FM kuanzia 76 mpaka 90 tu, na za miaka ya karibuni mpaka 95. Kwetu FM inakwenda kutoka 87,5 mpaka 108. Kwa hiyo watu wanaweka kibadilishi kwenye waya ya antene ili vituo vya juu vishuke. Kibadilishi cha bei rahisi kinaleta shshsh na kuchanganya vituo viwili pamoja. Ukisikia watu wawili wanahubiri kwa wakati mmoja, antene haina kosa. Hapo redio iliyotengenezwa kwa FM ya kwetu ndiyo dawa ya kweli, na ni mara chache nitakuambia nunua.

Shajeri ya simu. Hii ndiyo shida ya vijana wa leo. Simu inachajiwa kwenye tundu la sigara, na wakati ule ule inapiga muziki kwa kable: wiiii! Chomoa shajeri. Mlio ukikoma, hakuna cha kutengeneza kwenye gari. Simu imepata masi mbili. Tumia Bluetooth, au chaji kwanza, usikilize baadaye. Na shajeri mbovu inaweza kufunika hata FM kwa kelele yake.

Magari ya volti 24. Ndugu zetu madereva wanaokwenda machimboni kwa malori, sikilizeni. Lori lenye batri mbili zilizofuatana ni la volti 24. Wengine wanachukua volti 12 kutoka batri moja ili kuwasha redio. Redio inawaka, ni kweli, lakini batri moja inachoka kuliko mwenzake, alternateri inaijaza nyingine kupita kiasi, na zote mbili zinakufa mapema. Tumieni kigeuzi cha 24 kwenda 12 chenye nguvu ya kutosha. Na kama kigeuzi chenyewe kinaleta mlio mwembamba usiofuata moteri, kiondoeni karibu na redio na mkifunge masi yake vizuri.

Vumbi. Mchanga wa volkeno ni mkali kama msasa. Unaingia ndani ya bafle na kukwaruza. Bafle ya mlango ifungwe vizuri nyuma na mbele.

TULICHOKUTA CHINI YA ZULIA

Turudi kwa minibisi yetu. Fundi mzee aliinua zulia la nyuma. Waya ya masi ilikuwa imefungwa juu ya rangi, bila kukwangua. Majuma mawili ilishika kwa bahati. Barabara ya mawe ikailegeza. Ukiigusa kwa kidole, ilikuwa inacheza.

Lakini hakuishia hapo. Alifuata waya nyekundu kutoka ampli mpaka mbele, akafungua boneti, akanyamaza. Kisha akaniita: "Pasta, kuja uone." Waya ile ilikuwa inapita kwenye tundu la chuma bila mpira. Kwa kutikisika, chuma kilikuwa kimekata ngozi ya waya mpaka shaba ikaanza kuonekana. Na kwenye kichwa cha batri hapakuwa na fizible hata moja.

Munaelewa maana yake? Batri ya gari, ikiguswa moja kwa moja na chuma, inaweza kusukuma ampea mamia. Waya inakuwa nyekundu kama kaa kwa sekunde chache tu, na juu yake kuna zulia, na juu ya zulia kuna viti, na juu ya viti kuna watu. Katika gari lile tulikuwa tunalaza akina mama wenye uchungu wa kuzaa. Nilisimama pale nikitetemeka, na dolari 60 hazikuwa tena na maana.

Kelele ile tuliyoichukia ndiyo iliyotufanya tuinue zulia. Kama redio mpya ingeinyamazisha, tungefurahi, tungeimba mpaka Sake, na waya ingeendelea kukatika.

Kwa hiyo shikeni sana maneno haya juu ya fizible:

Kila waya inayotoka moja kwa moja kwenye batri iwe na fizible yake, karibu na batri, isipite sentimeta 45. Fizible iliyo karibu na ampli peke yake inalinda ampli, hailindi gari.

Ukubwa wa fizible unafuata unene wa waya. Fizible ikikatika, usiweke kubwa zaidi, wala waya ya shaba, wala karatasi ya sigara. Imekatika kwa sababu imeona hatari. Tafuta hatari ile.

Kila mahali waya inapopita kwenye chuma, weka mpira.

Kabla ya kazi yoyote, toa kwanza waya nyeusi ya batri. Ukimaliza, irudishe mwisho.

DENI LANGU

Msasa, pete ya shaba, mpira, fizible na kishikio chake: vyote pamoja havikufika dolari 10. Tuliwasha moteri, dereva akakanyaga mpaka mwisho. Kimya. Halafu akaweka wimbo wa kwaya yetu, na sauti ikatoka safi.

Jioni ile niliwaita wazee wale wale, mahali pale pale, nikamwita kijana. Nikasema mbele yao: "Mwanangu, nilikushitaki wizi bila kuchunguza. Ampli ni ile ile. Unisamehe." Naye akasema: "Papa Pasta, na mimi nilifunga masi juu ya rangi, na fizible nilisema nitaweka kesho. Tulikuwa na haraka." Tulikuwa na haraka wote wawili, na haraka yangu ndiyo iliyokuwa kubwa.

Fundi mzee alimchukua kijana kuwa mwanafunzi wake. Kitu cha kwanza alichomfundisha ni kukaa kwenye kiti cha dereva, mikono juu ya magoti, na kusikiliza.

KWA MAZUNGUMZO YA JAMAA

1. Je, gari au pikipiki ya nyumbani kwetu ina waya inayotoka kwenye batri bila fizible? Nani ataiangalia wiki hii?

2. Kitu kikiharibika nyumbani, tunatafuta kwanza sababu, au tunatafuta kwanza mtu wa kulaumu?

3. Vijana: chora kwenye daftari njia ya umeme kutoka batri mpaka bafle, na njia ya kurudi. Onyesha mahali pote kelele inapoweza kuingia.